Kikombe cha Mama

Tangu kila nyumba ifungiwe Mwekevu ukutani, kile chombo cha kubana matumizi, kitu kisichotumika leo, kesho kinakatwa. Bi Zuhura alikisifia mtaa mzima, mpaka siku shoga yake Mwanahawa alipokataa chai. Kesho yake mlango ukagoma kumfungulia: Mwekevu alishamhesabu naye kuwa hatumiki.

"Shoga, umenichoka?" Mwanahawa alipiga kelele nje. "Umbea wote huu nimpe nani?"

Leo mama yake Bi Zuhura, mgonjwa, alikisukuma kikombe cha chai bila kuonja.

"Kunywa, mama yangu, nakuomba. Funda moja tu."

"Sina hamu, mwanangu."

Bi Zuhura akakinyakua, akaigugumia ile chai ya moto mpaka ulimi ukababuka.

"Nimeona," Mwekevu akasema kwa upole.

Kesho yake, chumbani kwa mama, taa ikazimika.