Mama Siwema Ameazimwa

Maktaba ya mtaa wetu huazimisha simulizi za wakazi, na anayeazima huikumbuka simulizi wiki nzima kana kwamba yaliyomo yalimpata yeye. Marehemu mke wangu alisimulia ndoa yetu yote, hakubakiza hata ugomvi. Basi siku hizi muuza samaki ananiwekea kichwa cha changu, samaki nimpendaye, bila kuambiwa, na fundi cherehani ananifokea kwa kuvaa kofia upande. Mimi nacheka tu, maana ni kama hajaondoka.

Juzi simulizi kaiazima binti yetu, Siwema. Leo asubuhi amenitilia chai ya iliki, akanitengeneza kola, akasema kwa sauti ya mamaye, “Baba Siwema, kunywa, inapoa.”

Nikaitika kabla sijafikiri. Mwanangu anataka kuongeza wiki nyingine, nami sijamkataza.