Aliyempakata Tepora

Tepora alikuwa amepakatwa na adui yake, na basi lilikuwa bado halijatoka stendi.

Hakupanga hivyo. Alipanda kuja kufumania, si kubembelezwa. Lakini katika mji huu wa Apia, basi likijaa hasimami mtu. Aliyeketi humpakata aliyechelewa. Mwanamke wa kiti cha mbele, nyuma tu ya dereva, alijipigapiga mapaja.

"Njoo, dada, usitucheleweshe."

Basi zima lilikuwa likimtazama. Tepora, aliyekuja na matusi tele kinywani, aliona haya akakaa.

Habari alipewa na Moelagi, muuza maandazi ya panikeke wa sokoni. "Shoga, kila asubuhi kuna mwanamke kiti cha mbele, pale pale. Anamlisha Lafaele wako kwa mkono! Wewe lala tu." Na lisemwalo lipo. Tepora hakuwahi kupanda basi la Lafaele. Mwenyewe alimkataza, eti kazi ni kazi, na abiria wana midomo.

Lafaele alimwona kwenye kioo. Uso ulimbadilika, akaongeza sauti ya muziki, akaondoa basi.

Hawajafika hata darajani, mwanamke alinyoosha mkono akamtia Lafaele panikeke mdomoni, kisha akamfuta mafuta kidevuni. Kwa kidole! Wivu ulimkaba Tepora. Miezi minane anamfulia, anampikia, anamkanda mgongo unaoumizwa na usukani, halafu huyu mnene anamfuta kidevu mbele za watu! Akimpoteza Lafaele hana mwingine, na hilo alilijua vizuri.

"Unamjua dereva?" aliuliza.

"Namjua."

"Hata mimi namjua. Sana tu."

Basi lilikata kona vibaya. Mwanamke alimzungushia Tepora mikono kiunoni asianguke, akamshika kama mtu anavyomshika mtoto wake. Tepora alichukia jinsi alivyoshikwa vizuri.

"Basi sikiliza," alisema. "Yule ni mwanamume wangu. Katafute wako."

Mbele yao, Lafaele alijifanya kiziwi, masikio yamemwiva. Mwanamke hakumwachia Tepora, wala hakukasirika. Alimsogezea mdomo sikioni ili muziki usimmeze.

"Mimi ndiye wa ndoa, mdogo wangu. Wewe ni wa Jumanne, au wa Alhamisi?"