Siku Baba Alipovua Viatu Sokoni

Baba, afisa mtendaji wa kata yetu, alikuwa ameshavua kiatu kimoja alipogundua kwamba soksi yake imetoboka na kidole gumba kiko nje mbele ya soko zima.

Mtaro ulikuwa umeziba. Wingu lilikuwa jeusi, na mvua ikiwahi kabla maji hayajapata njia, meza ya nyanya ya mama na za wenzake zingeelea. Watumishi wa kata walijipanga ukingoni na makoleo yao, suruali zimenyooka kwa pasi. Hakuna aliyesogea.

"Jamani, ingieni," alisema baba.

"Tunakusubiri, mzee," karani alijibu kwa adabu. "Juzi ulivyorudi semina ulituambia kiongozi hatumi, hutangulia. Tukikupita si tutakuwa tumekuvunjia heshima?"

Wachuuzi wakaangua kicheko. Baba akautazama mtaro. Tope lilikuwa likitoa mapovu, moja moja, kama lenye usingizi. Kisha akakitazama kidole chake.

"Baba watoto!" mama alipaza sauti kutoka kwenye nyanya zake. "Kidole kimeshatangulia, bado mwenyewe!"

Tangu tumzike, watu hunisimulia hotuba zake. Mimi nakumbuka alivyocheka siku ile, akavua na soksi na kiatu cha pili, akamshika bega muuza mkaa aliyesimama karibu ili yeye asije akateleza, akashuka. Tope likamfika magotini.

Nyuma yake nikasikia viatu vya karani vikidondoka, kimoja, halafu cha pili.