Kata Lisilohusika

Mwalimu aliisoma barua mpaka mwisho, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, kisha akaisukuma juu ya meza ikarudi ilikotoka.

"Sijaiona," alisema.

Mwanamke aliyekaa mbele yake alitupia jicho saa ya ukutani. Kichanga chake cha miezi mitatu alikuwa amekiacha kwa jirani, na jirani alikubali saa moja tu, tena kwa uso uliokunjamana. Kesho likizo yake ya uzazi ilikuwa inaisha, na kaunta ya duka la dawa ilikuwa inamsubiri. Tangu asubuhi alikuwa amejipanga: ataingia, atatoa barua ya kumwondoa mwanafunzi wake masomoni, atashukuru, ataondoka. Hakuwa amejipanga kwa mwalimu mwenye kichwa kigumu kiasi hiki.

Mwalimu alifungua faili. Darasa hili lilikuwa la mpango wa serikali kwa waliokatisha masomo. Vitabu bure, chakula cha mchana bure, mtihani bure, na wanaosubiri nafasi wamejaa. Ukikosa siku kumi na tano jina linafutwa, anaingia mwingine. Mwanafunzi wake alikuwa ameshakosa kumi na tatu, na mtihani ulikuwa wiki tatu mbele.

Juu kabisa ya faili ilikuwapo fomu ya kuandikishwa. Ilikuwa fomu ile ile ya shule nzima, na kila mwanafunzi lazima awe na mtu wa kumtilia sahihi, hakuna mjadala. Mzazi/mlezi, iliandikwa, kata lisilohusika. Mwanamke aliuona mstari wake mwenyewe, umenyooka, umelikata neno mzazi. Siku ile yeye na mwanafunzi wake walicheka njia nzima mpaka nyumbani. Lakini wakati huo kichanga kilikuwa bado hakijazaliwa.

"Siku hizi analala darasani," mwalimu alisema. "Mimi simwamshi."

Akaeleza kwamba mwanzoni wenzake walimcheka, lakini sasa hesabu zikiwashinda wote wanamzunguka yeye. Akafungua daftari la mwanafunzi huyo. Mistari ilikuwa imenyooka, ila kurasa zilikuwa na madoa ya maziwa. Akauliza kazi za nyumbani anazifanya saa ngapi.

Mwanamke alisema hajui. Alijua sana. Alimwona kila siku, amesimama jikoni, daftari juu ya kabati, mtoto mgongoni, sufuria inachemka. Juzi aliita kutoka chumbani aletewe maji ya moto, akasikia daftari likifungwa haraka, kama la mtu aliyekamatwa akiiba. Maji yalifika upesi. Hata siku moja hakuwahi kusema, "Wewe kaa usome, leo napika mimi."

Mume wake alikuwa ameuliza elimu yenyewe itamsaidia nini saa hizi. Yeye akanyamaza, na mpaka leo kule kunyamaza kulikuwa kunamuuma kuliko swali. Maana yeye amesoma mpaka akapata cheti chake cha dawa, na miaka yote hiyo hakuosha hata kikombe. Aliyekuwa akiosha alimjua.

"Ni yeye aliyesema anataka kuacha?" mwalimu aliuliza.

"Hajasema."

"Umemwuliza?"

Akaanza kujitetea. Mtoto bado mdogo mno, hakuna wa kumwachia, kazini wameshachoka kumsubiri, na kwani ni milele? Mwakani atarudi, nafasi zitakuwapo. Aliyatoa yote kwa mkupuo, na kila neno lilipotoka alilisikia lilivyo jepesi. Mwalimu alimwacha mpaka akaishiwa.

"Mara ya kwanza aliacha shule kwa sababu ya mtoto," mwalimu alisema polepole. "Ulikuwa umebaki mwaka mmoja amalize, akaambiwa hivyo hivyo, mwakani utarudi. Leo anaachishwa tena kwa sababu ya mtoto. Dada yangu, barua hii nitaipokea ukishamwambia kwa mdomo wako, hapa hapa, mbele yangu."

Mwanamke alitazama sakafu. Mtoto wa ile mara ya kwanza alikuwa anamfahamu vizuri kuliko mwalimu.

Mwalimu akatoka kwenda kumwita mwenyewe. Alipobaki peke yake, mwanamke alijaribu maneno kwa sauti ya chini. Ni kwa muda tu. Hapana. Tutaangalia mwakani. Hapana, hilo lilikuwa baya zaidi. Angeweza kuichana barua akamaliza, lakini akakumbuka kaunta, akamkumbuka mume, akamkumbuka jirani na uso wake, na mkono ukabaki pale pale.

Kutoka upande wa madarasa alisikia kiti kikivutwa, kisha ndala zikija mbio kwenye korido. Bila kujua anafanya nini, aliuchukua mkoba wake akauweka juu ya barua.

Mlango ukafunguliwa. Mwanafunzi alisimama pale akihema, kalamu bado mkononi. Alimtazama yeye usoni, kisha akamtazama mapajani, mahali ambapo kichanga kingekuwa.

"Mwanangu," alisema, "mjukuu wangu anaumwa? Ngoja nimwombe mwalimu ruhusa, twende."