Ndala Mlangoni

Kila alasiri, kabla ya kuvaa ile miwani ya kompyuta, Bi Zaituni alivua ndala. Ndani ya miwani ilikuwamo nyumba yao ya zamani, na marehemu mumewe akisoma gazeti barazani.

"Mama, ile si nyumba," bintiye Mwanaidi alimwambia. "Ni picha tu."

"Picha au si picha, siingii kwa watu na viatu."

Leo alipoivua miwani, ndala hazikuwapo. Mwanaidi alizitafuta mvunguni, uani, hata jikoni. Mwishowe akaivaa miwani mwenyewe. Akaziona mlangoni pa nyumba ile, kando ya makubadhi ya baba, zimeelekea ndani.

"Mama," aliita, bado ameivaa, "njoo uone."

Mama akajibu kutoka ndani ya nyumba ile.

"Vua viatu kwanza, mwanangu."