Kiti cha Marehemu

Siku hizi fanicha ni mali ya jengo, na kiti kisichokaliwa huchukuliwa kikapelekwa kwenye jengo jipya linalosubiri vifaa. Ndiyo maana tangu mume wangu Kondo afariki, kila anayebisha hodi namkalisha kwenye kiti chake. Fundi bomba nilimnywesha chai hapo mpaka akaomba ruhusa ya kwenda kufanya kazi. Siku nikikosa mgeni, najaza kiroba mchele, nakiweka kitini na kukivalisha kofia ya marehemu.

Jana alikuja Kilewo, afisa wa samani wa jengo letu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akakigeukia kiroba. "Shikamoo, mzee."

Kiroba hakikuitikia.

"Mama, kiti kinajua kimekaliwa na nani. Mchele haupumui."

Nikalia. Nilipoona machozi hayamgusi, nikamfokea.

"Tulia, mama, hatukichukui. Tumepiga hesabu. Kuteremsha kiti, kabati la marehemu na kile kitanda chenu kikubwa kutoka ghorofa ya tisa ni gharama mno. Imeonekana nafuu kuleta mtumiaji."

"Mtumiaji gani?"

Mlango ukagongwa. Akaingia mzee mmoja nadhifu, mkononi ana sanduku dogo. Alinisalimia kwa adabu, akakiteremsha kiroba taratibu, akakaa. Kisha akaichukua ile kofia, akaipangusa vumbi la mchele, akaivaa.

"Imenikaa," alisema. "Chai hapa huwa tunakunywa saa ngapi?"