Jibu la Mheshimiwa

Msusi alitoka saluni, simu bado ya moto mkononi. Majirani waliomtuma ampigie mbunge walikuwa wamejaa barazani. Siku nyingi mbunge hakuwa akipokea. Leo alipokea mwenyewe.

"Mheshimiwa, tuambie ukweli tu," msusi alikuwa amemsihi. "Zahanati itafunguliwa lini?"

Mbunge alijibu kwa sauti ya chini, "Haitafunguliwa, dada yangu. Tulilijua hilo kabla ya uchaguzi. Nisamehe."

Sasa wote walimkodolea macho. Mbele kabisa alisimama wifi yake mjamzito, mkono kiunoni.

"Enhe, wifi, kasemaje?"

Msusi hakuwa na moyo wa kuwavunja moyo watu wale wote.

"Amesema mwezi huu huu."

Vigelegele vikapigwa. Wifi alishusha pumzi, akatoa simu yake.

"Mama, siji tena huko kujifungua. Huku zahanati inafunguliwa, wifi kaongea na mbunge mwenyewe!"

Msusi alinyoosha mkono amzuie. Kisha akaurudisha, akaufuta mafuta ya nywele kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja.